Spiriti ni ya seremala, santuri za mashairi ziachwe

Mhariri,

Ukurasa wenu wa utamaduni uliwahimiza wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini kutoa santuri na kanda za mashairi zilizolala darini na kwenye masanduku ya bati, wazisafishe, wazipige, waziingize kwenye kompyuta. Wito wenyewe ni mzuri, umechelewa tu. Kinachotutoa jasho ni maelekezo yaliyoandamana nao: santuri ifutwe kwa spiriti mpaka ing'ae, ipigwe kwenye pleya yoyote inayozunguka, kasi irekebishwe kwa sikio, kisha programu imalize mikwaruzo. Anayeyafuata hayo manne kwa mpangilio huo atapata faili kimya na laini ambamo mtu anaimba maneno yasiyotambulika, na santuri yake haitafaa kupigwa tena.

Tuanze na spiriti, kwa sababu huenda kuna mtu ameshashika chupa. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, zile nzito zinazovunjika kama sahani, si za plastiki. Kinachozishikamanisha ni shelaki, utomvu wa mdudu mdogo wa India, uliochanganywa na unga wa mawe na masizi. Ni shelaki ileile ambayo seremala wa polishi huiloweka kwenye spiriti usiku, asubuhi akaikuta imekuwa uji wa rangi ya chai. Ukiisugua santuri kwa spiriti, kitambaa kitatoka cheusi, nawe utafurahi ukidhani ni uchafu wa miaka sitini. Weusi ule ni masizi ya santuri yenyewe, na pamoja nayo umeondoka na kuta za mfereji ambamo sauti ilichongwa. Hakuna fundi wa kuirudisha.

Maji yanatosha. Chemsha maji ya mvua au nunua yaliyotoneshwa, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, na kila lita itie matone mawili au matatu ya sabuni ya maji ya vyombo isiyo na manukato. Usiiloweke santuri. Ilaze juu ya taulo, funika lebo ya katikati kwa mfuniko wa plastiki unaoienea, na upige mswaki laini kufuata mifereji, yaani kwa mzunguko, kamwe si kutoka katikati kwenda ukingoni. Suuza kwa maji yasiyo na sabuni, kausha kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi hadi kikaacha kutoa nyuzi, kisha isimamishe kwenye kichanja cha sahani kivulini. Yenye ufa au ukingo uliobanduka isiguswe na maji hata kidogo, kwa maana baadhi zina kiini cha karatasi au cha mchanganyiko hafifu, na kiini hicho kikinywa maji hufura.

Kuna aina nyingine inayofanana nazo kwa mbali ila ni nyepesi, mara nyingi ina tundu la ziada karibu na lile la katikati, na ukiitazama ukingoni unaona bati la alumini. Hizo zilichongwa moja moja, kwenye vituo vya redio na studio ndogo, bamba la alumini likipakwa laka. Ukiona ukungu mweupe wa mafuta juu yake, au ngozi ya juu imeanza kupasuka kama tope la mtoni wakati wa kiangazi, iache ilivyo, iwekee karatasi safi na utafute mtu mwenye vifaa. Nyingi kati ya hizo hazina nakala nyingine popote.

Sasa lile tunalolitaka hasa lieleweke. Katika rekodi kongwe ya shairi, ala hudumu, sauti ya mwimbaji hudumu, na hata irabu za vina hudumu. Konsonanti ndizo zinazotangulia kufa. Kabla ya mwaka 1925, mwimbaji alipaza sauti kwenye pembe ya bati iliyotikisa sindano moja kwa moja, bila umeme, na pembe ile haikupokea mengi juu ya mitetemo 2,500 au 3,000 kwa sekunde. Herufi s nguvu yake kubwa iko juu ya 4,000. Maikrofoni za umeme zilipoingia mambo yakawa nafuu, lakini si sana, na miaka ya kupigwa kwa sindano za chuma imekula kilichobaki.

Kwa mwimbaji wa dansi hasara hiyo ni ndogo. Kwa shairi ni msiba. Chukua kipande hiki tulichokitunga kwa mfano: "Thamani yake si haba." Kina mizani minane. Sasa ondoa ule upepo wa ulimi kwenye meno: "Samani yake si haba." Mizani ni minane, kina ni kilekile, na sentensi ina maana kamili, ila wa kwanza anasifu mtu na wa pili anahesabu viti na meza. Au "moshi unafuka juu", ambao kwenye santuri iliyochoka husikika unashuka au unasuka. Kuhesabu mizani hakukusaidii hapo, wala kutafuta kina. Kitakachokusaidia ni kusikia. Kwa hiyo kila kifaa na kila hatua tunaipima kwa swali moja: baada yake, je, suka, shuka na fuka bado ni maneno matatu?

Kwa kipimo hicho, sindano ndiyo inayostahili fedha ya kwanza, kabla ya kompyuta na kabla ya programu. Mfereji wa santuri ya 78 ni mpana. Sindano yake ina ncha ya sehemu tatu za elfu za inchi, karibu maikroni 76. Sindano iliyomo kwenye pleya nyingi za leo ni ya santuri ndefu za plastiki (LP), ncha yake ni robo hadi theluthi ya hiyo, maikroni 18 hadi 25. Ukiitia kwenye mfereji wa 78 ni kijiko cha chai kwenye sufuria ya ugali: kinafika chini kabisa na kukwangua ukoko. Chini ndiko vumbi, mchanga na mabaki ya chuma yalikojikusanya, wakati sauti iko kwenye kuta za kati. Watu hupiga hivyo, wakasikia mvua ya mawe, wakasema santuri imekufa. Santuri ile ile kwa sindano ya saizi yake huzungumza. Katriji (kile kichwa kinachoshika sindano) nyingi za kawaida zina sindano ya 78 ya kubadilisha, inachomolewa na kuchomekwa bila kugusa nyaya, na uzito wa mkono huongezwa mpaka gramu tatu hadi tano badala ya mbili za kawaida.

Wenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono wanatuuliza kwa nini wasiitumie hiyo, maana ndiyo iliyokusudiwa. Kichwa chake kinalemea santuri kwa zaidi ya gramu 100. Na ule unga wa mawe ndani ya shelaki uliwekwa makusudi uinoe sindano ya chuma ikae sawasawa na mfereji katika mizunguko ya mwanzo. Ndiyo sababu sindano ilikuwa ya upande mmoja tu, kisha inatupwa. Ukiitumia ya jana, sasa ni patasi. Pigeni gramafoni siku za sherehe kwa santuri mlizo nazo nakala mbili. Na zile za 78 za mwisho mwisho, ambazo nyingine zilitengenezwa kwa plastiki, zisiwekewe chuma hata mara moja. Utaijua kwa ukucha: gonga ukingo, shelaki hulia kama kikombe cha udongo, plastiki hujibu kwa sauti butu.

Kasi. Ushauri wa "kwa sikio" unatoka kwa mtu anayesikiliza kinanda, na ala nyingi za taarabu ya zamani hazikufungwa kwenye sauti ya kinanda chochote. Ukikosea kwa asilimia sita umepandisha nusu toni nzima. Mwanamke mzima anakuwa binti na mghani mtulivu anaonekana ana haraka. Kipimo kipo na hakina gharama. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa ya tyubu ya zamani yenye choki humeta mara 100 kwa sekunde, na karatasi ya duara yenye mistari 77 ikizunguka juu ya santuri chini ya taa hiyo itaonekana imesimama pale tu kasi inapofika 77.92 kwa dakika. Ikielekea mbele, punguza. Ikirudi nyuma, ongeza.

Hapa pana mitego mitatu tunayokutana nayo kila mara. Wa kwanza: duara zinazopatikana kwenye intaneti nyingi ni za Marekani, zina mistari 92 kwa kuwa umeme wao ni hezi 60. Ukiitumia yenye 92 hapa Mbeya, itasimama kwenye mizunguko 65 na shairi lote litakuwa maombolezo. Wa pili: balbu nyingi za LED hazimeti, au humeta kwa mwendo wake zenyewe, na jenereta ndogo ikilemewa hushuka hezi mbili kirahisi, ambayo ni asilimia nne ya kosa. Pima kwa umeme wa gridi. Wa tatu ni wa sokoni. Pleya za mitumba zinazofika Mwanjelwa kutoka Japani ni za volti 100, fundi anazifungia transfoma na mnunuzi anaondoka ameridhika. Transfoma hubadilisha volti, haigusi hezi. Japani upande mmoja wa nchi hutumia hezi 50 na mwingine 60, na mota inayoendeshwa na umeme wa ukutani, iliyoundwa kwa 60, itazunguka hapa kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake: 78 inakuwa 65, na 33 inakaribia 28. Pindua mashine usome kibandiko cha chini kabla ya kutoa hela. Ikiandikwa 50/60 na ina puli ya ngazi mbili, ukanda wake husogezwa. Zenye mota ndogo ya betri ndani hazina tatizo hili.

Kama pleya yako haina 78 kabisa, usikate tamaa wala usiizungushe kwa kidole. Piga kwa 45, rekodi, kisha kwenye kompyuta ongeza kasi mara 1.7316. Njia hii hata huisaidia sindano kwenye santuri iliyopinda, maana haitupwi hewani kwenye kila kilima. Ila ina sharti linalotupeleka kwenye jambo la besi na trebo.

Kifaa kidogo kinachopokea waya za katriji, priampu, hufanya kazi mbili: kukuza na kurekebisha. Marekebisho yake ni ya RIAA (chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani), yaliyokubaliwa miaka ya 1950 kwa santuri ndefu: besi inainuliwa na trebo inashushwa, kwa sababu wachongaji walikuwa wameipandisha trebo makusudi ili kuzamisha kelele. Kwenye mitetemo 10,000 priampu hushusha karibu desibeli 14. Santuri za miaka ya 1920 na 1930 kwa kawaida hazikupandishwa hivyo, basi unaposhusha unashusha kitu ambacho hakikuwahi kuinuliwa. Matokeo yake ni ule uimbaji wa mtu aliyefunikwa blanketi, na maneno yetu matatu yamekuwa moja: uka, uka, uka. Tumia priampu yenye swichi ya kuzima RIAA, au rekodi nayo kisha ubatilishe kwenye programu. Na kama ulipiga kwa 45, sharti lenyewe ndilo hili: rekodi bila RIAA, la sivyo marekebisho yataangukia mitetemo isiyo yake.

Katriji iwe ya stirio hata kama santuri ni ya mono. Kila ukuta wa mfereji una nakala yake ya sauti, na mara nyingi mmoja ulichakaa kuliko mwenzake kwa sababu mkono wa gramafoni uliegemea upande mmoja miaka yote. Hifadhi zote mbili, biti 24 kwa sampuli 96,000 kila sekunde, na usibonyeze chochote cha kupunguza kelele wakati wa kurekodi. Dakika moja hula megabaiti 35 hivi, upande mmoja wa santuri ya inchi kumi kama 100. Kadi ya simu inabeba mamia ya pande za namna hiyo, basi hakuna sababu ya kuhifadhi kwa MP3.

Programu za kuondoa kelele hatuzikatai, tunazitumia. Lakini s, sh, f na th hazina mlio wa kooni, ni pumzi inayopita mahali pembamba, na mashine ikiisikiliza haioni tofauti kati ya pumzi hiyo na mchakacho wa santuri. Inafuta vyote viwili na kujisifu. Faili ghafi liwepo daima, jina lake liishe na neno GHAFI, na anayenukuu maneno asikilize hilo, si lile lililooshwa. Wala msikate makosa. Mwaka 1889 mshairi Mwingereza Robert Browning alighani shairi lake mbele ya fonografu ya Edison, akasahau mistari katikati, akasema anasikitika hakumbuki beti zake mwenyewe. Ipo kwenye nta mpaka leo, na bila shaka siku ile kulikuwa na mtu aliyetaka irudiwe.

Turudi kwenye shairi lenyewe, maana huko ndiko makala yenu ilikopita mbio. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi kwa lebo ya His Master's Voice. Upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulimpa mwimbaji dakika tatu na kidogo. Ya inchi kumi na mbili, nne na nusu. Wimbo ambao barazani ungejaza nusu saa, huku ala zikijibizana na wasikilizaji wakiomba mshororo urudiwe, ulilazimika kukatwa. Ukiondoa utangulizi wa fidla na marudio ya kibwagizo, zinabaki beti tatu, pengine nne. Utenzi nao upigieni hesabu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, una beti 102. Mghani asiye na pupa hutumia sekunde kumi kwa ubeti, jumla dakika 17, yaani pande sita, santuri tatu, na kila baada ya beti kumi na nane mtu ainuke kugeuza.

Ubeti uliokatwa mara nyingi ni wa mwisho. Nao ndio wenye thamani kuliko wote kwa mtafiti, kwa kuwa washairi wetu hutaja majina yao au lakabu zao kwenye tamati, na wengine hutaja mji na mwaka. Lebo ya santuri huandika mwimbaji na kundi, mtunzi hayumo. Dakika tatu zikiisha kabla ya kaditama, mtunzi ameondoka bila kuaga. Kwa hiyo msiandike "mtunzi: hajulikani" na kufunga daftari. Chukueni mshororo wa kwanza, muuweke mbele ya wazee wanaohifadhi mashairi kichwani na mbele ya diwani zilizochapishwa. Beti zilizoachwa huenda ziko huko, zenye jina.

Yapo pia maandishi yasiyosomwa na wengi: namba zilizochongwa kwenye ngozi laini kati ya mwisho wa muziki na lebo. Elekeza tochi kwa mshazari uzinakili zote, pamoja na herufi na alama ndogo. Namba ya lebo ni ya bidhaa dukani. Namba iliyochongwa ni ya tukio la kurekodi, na wimbo mmoja ukirekodiwa mara mbili unaweza kuwa na beti tofauti chini ya jina lilelile. Lebo za Mombasa na Nairobi za miaka ya 1950, kama Mzuri na Jambo, zinastahili uangalifu huo huo; watu wamezizoea mno kiasi cha kudhani kila kitu kuzihusu kimeshaandikwa.

Kunukuu maneno kufanywe na watu wawili waliotengana, mmoja akiijua vyema lahaja ya mwimbaji, iwe Kiunguja, Kimvita au Kiamu. Kila mmoja aandike anachosikia, si anachokitarajia. Silabi asiyoisikia aweke nukta. Asiijaze kwa sababu kina kinadai. Vijazo vya uimbaji, zile "ee" na "yalaa" zisizohesabiwa kwenye mizani, viwekwe ndani ya mabano. Irabu iliyovutwa kwa mahadhi isiandikwe mara tano. Kisha wakutane, walinganishe, na mahali wanapotofautiana wabaki na yote mawili. Thamani na samani vikae pembeni kwa pembeni mpaka nakala bora ya santuri ipatikane.

Kuhusu kanda tutasema kidogo. Ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala wa Ugogoni alizisukuma mbele baada ya Azimio la Arusha, pamoja na vipindi vya mashairi vya redio, zimebaki zaidi kwenye kaseti za majumbani. Kaseti inayosikika ya kiziwi mara nyingi ni nzima. Kichwa cha mashine yako hakijalala kwa pembe ileile ya mashine iliyorekodi. Pembeni mwa kichwa pana skrubu ndogo yenye springi. Izungushe robo kwa robo huku kaseti ikicheza, usikilize herufi s, si besi, na uache pale inapokuwa kali kuliko kote. Irudishe baada ya kazi. Kisponji chenye kibati cha shaba kilichodondoka ndani kinahamishwa kutoka kaseti nyingine ya skrubu tano, hakigundishwi kwa gundi ya haraka. Utepe wa rili (wa gurudumu la wazi, si wa kaseti) unaonata na kupiga kelele ukizunguka usimamishwe mara moja. Mafundi wenye oveni ya maabara huoka tepe za aina hiyo kwa nyuzi 50 hivi kwa saa nane, lakini tepe za asetati, ambazo ukizishika mbele ya dirisha mwanga hupenya kwenye rundo, zikiokwa zimekwisha. Asiyejua kutofautisha asioke.

Kwa hali ya hewa yetu: Tukuyu na Kyela adui ni ukungu, Iringa na Makambako ni vumbi la kiangazi. Santuri zisimame wima kama vitabu, bila kuegemea, kwenye bahasha mpya za karatasi, mbali na ukuta wa nje. Mfuko wa plastiki unafungia unyevu ndani. Mchele wa kunyonya unyevu unaleta unga na wadudu. Iliyovunjika isigundishwe, kila kipande kiwe na karatasi yake, vyote kwenye boksi moja bapa, maana kingo zikisuguana hupoteza chembe ambazo baadaye zingewezesha kuiunganisha na kuipiga walau mara moja. Na ikitokea mtu ana mche wa nta (bomba la nta lililochongwa sauti), wa namna aliotembea nao mtafiti Mjerumani Karl Weule akirekodi nyimbo Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, aushike kwa vidole viwili vilivyotanuliwa kutoka ndani, asiguse uso wake, asiufute. Ukungu juu ya nta umeshakula nta. Ukiufuta unafuta tundu.

Ombi letu, Mhariri, ni nafasi ndogo katika toleo lijalo. Chapisheni duara la mistari 77 ili msomaji alikate na kulitoboa katikati. Likiwa na kipenyo cha sentimita tisa, kila mstari pamoja na nafasi yake utakuwa milimita 3.7 hivi, na karatasi ya gazeti inamudu wino huo bila kutapakaa. Ukubwa mkiupunguza kidogo haidhuru, mradi idadi isibadilike na duara lisivutwe kuwa yai wakati wa kupanga ukurasa. Mchoraji wenu ahesabu mara mbili: yakitoka 76, kasi itapanda hadi 78.95.

Wenu,
Mafundi wa mashine za sauti na wanukuzi wa mashairi,
Soko Matola, Mbeya